Daftari Tupu la Uzimani

Ukimwamkia mtu naye, badala ya kukuitikia, akakuuliza "Unatumia nini?", usimwone hana adabu. Huyo ametoka Uzimani, au ana jamaa yake huko, na huko watu hawajuliani hali kwa namna nyingine. Anayejibu kwamba hatumii kitu hutazamwa kwa huruma, kama mtu aliyetoka nyumbani kwake amevaa kanzu nje ndani. Njia ya kufika nchi hiyo sitaieleza, kwa kuwa haimpotezi mtu. Yeyote anayeumwa kidogo na kuchoka kusubiri amekwisha fika nusu yake.

Mwanamke aitwaye Sikudhani Mbwana hakuwa akiumwa. Alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda chake na wateja wake, na kilichompeleka Uzimani ni gauni. Mdogo wake, Mwanaidi, alikuwa amekwenda huko miezi saba nyuma kwa sababu ya uchovu na kiu isiyokwisha, akaandika kwamba anaendelea vizuri na kwamba watu wa huko ni wema kupita kiasi. Katika barua ya pili aliomba ashonewe gauni jingine, kiuno kipungue inchi mbili. Ya tatu iliomba inchi tano. Ya nne ilisema: kata tu kwa makadirio, Dada, mradi uweke kamba ya kufungia.

Barua hiyo Sikudhani aliisoma amesimama, na tangu hapo hakutulia. Kitambaa akikishika kinamponyoka, sindano akiitunga inakataa uzi. Mwingine angeona ni habari njema ya mtu aliyepungua mwili. Fundi aliona mtu anayeisha. Akaivua futi yake ya kupimia shingoni, akaikunja, akaitia kwenye mkoba, akafunga kibanda bila hata kumuaga jirani.

Langoni alipokewa na ofisa mpole aliyemuuliza anaumwa nini. Alipojibu haumwi, ofisa aliweka kalamu chini. Akamweleza kwa subira kwamba hakuna mtu mzima, kuna asiyejijua tu, na kwamba sheria hairuhusu mtu asiye na maradhi kuingia, kwa kuwa huwavunja wengine moyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, alimkumbusha. Sikudhani, ambaye roho ilikuwa juu juu na alitaka tu kuingia, akakumbuka kwamba mgongo humuuma kidogo akishona kutwa nzima. Ofisa akafurahi mno. Akamfunga uzi mkononi, akaupiga fundo moja, akampa kikopo cha unga wa mlonge.

Bwana mmoja aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni alisema kwa mgongo hakuna kama habat soda. Bibi mwingine akasema mafuta ya karafuu. Mlinzi wa lango, ambaye hakuulizwa, akasema tangawizi iliyosagwa na chumvi ya mawe. Zote ziliandikwa na uzi ukaongezwa mafundo, maana Uzimani kukataa dawa uliyopewa ni sawa na kusukuma sahani ya mwenyeji wako, na kuacha moja ili uanze nyingine ni kumtia aibu aliyekupa ya kwanza. Kwa hiyo dawa huko huongezwa, hazipunguzwi. Sikudhani aliingia mjini akiwa na mafundo manne na mgongo uleule.

Mji ulikuwa safi. Kila nyumba ilikuwa na chupa dirishani, na kila mlango umeandikwa jina la aliyepona humo na alichopona. Sikudhani aliisoma milango hiyo huku akikimbia nusu nusu. Aliona tumbo, kikohozi, usingizi mbaya, mafua, na mafua tena. Hakuona mlango ulioandikwa mtu aliyekufa, akadhani pengine makaburi yako upande mwingine.

Mwanaidi alikuwa akikaa kwa mjane mmoja aitwaye Bi Hisani, mwanamke wa makamo mwenye mikono iliyonukia mdalasini. Alimpokea Sikudhani kama ndugu wa tumbo moja, akamketisha, akamwambia mdogo wake ni mgonjwa mzuri sana, hajawahi kukataa kitu. Kisha Mwanaidi akatoka chumbani akishika ukuta.

Sikudhani alimkumbatia, na mikono yake ikamwambia yote kabla ya macho. Hata hivyo alitoa futi. Mwanaidi akacheka, akainua mikono kama alivyozoea tangu utotoni. Kiuno kilikuwa inchi thelathini na nne siku alipoondoka nyumbani. Sasa kilikuwa ishirini na tano, na futi ilipita juu ya mifupa.

"Umeona?" Mwanaidi alisema, macho yakimng'aa. "Sumu inatoka, Dada."

Hapo ndipo Sikudhani alipoijua sheria mama ya nchi ile, ambayo hata watoto wanaisema kwa moyo: nafuu ni ya dawa, mateso ni ya sumu. Mtu akilala vizuri, dawa imefanya kazi. Akikesha, sumu inahangaika kutafuta njia ya kutokea. Mwanaidi alikunywa mtungi mzima wa maji kwa siku na kwenda haja ndogo mara ishirini, na majirani walikuwa wakija kumpongeza kwa jinsi anavyosafishika. Mdomo wake ulitoa harufu ya nanasi lililoiva mno. Walisema ni asali, imekwisha kumwingia mpaka kwenye pumzi.

Uzi wake ulikuwa na mafundo manane. Asali vijiko vitatu asubuhi, vitatu mchana, vitatu usiku, kwa ajili ya nguvu. Juisi ya tende kuongeza damu. Juisi ya miwa kusafisha ini. Kitunguu saumu, mlonge, habat soda, vidonge vya mafuta ya samaki, na unga wa kopo lenye picha ya mlima ambao hakuna aliyejua ni wa nini, ila wote walikubaliana kwamba hauna madhara kwa sababu ni wa asili. Bi Hisani alivipanga vyote kwenye sinia, akavifunika kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Asingempangia hivyo mtu asiyempenda.

"Hata marehemu mume wangu alitumia hivi hivi," alimwambia Sikudhani huku akikoroga. "Alikaa vizuri mno, mwanangu. Alikufa na siha yake."

Sikudhani alitaka kumchukua mdogo wake saa ileile. Mwanaidi alikataa kwa upole uliozidi ukaidi. Alisema hawezi kumvunja moyo Bi Hisani, na kwamba sumu ikikatishwa katikati hurudi na wenziwe. Isitoshe, alisema, wakubwa wa nchi ndio wajuao, waulizwe wao. Sikudhani akashika neno hilo. Kulipokucha tu alikuwa kwenye ukumbi wa Baraza la Mashahidi.

Wajumbe wa Baraza hilo hawachaguliwi kwa elimu wala kwa kura, bali kwa wingi wa mara walizopona. Aliyepona mara kumi ni shahidi, aliyepona mara mia ni shahidi mkuu. Mwenyekiti wao, Mzee Thabiti, alikuwa amepona mara mia nne na kumi na mbili, nyingi zikiwa za mafua, na alikuwa na afya ya punda. Siku ile walikuwa na shauri zito mbele yao. Mwanzilishi wa nchi, Bibi wa Kwanza, alipona kikohozi kwa kitunguu saumu, lakini hakuacha wosia kama alikimeza au alikitafuna. Wamezaji walikaa kulia, Watafunaji kushoto, wala hawakuoana. Kwamba bibi huyo pia alilala siku tatu bila kufanya kazi haikuandikwa popote, kwa kuwa usingizi hauwekwi kwenye chupa.

Sikudhani aliwasikiliza kwa saa tatu. Alikaa, akasimama, akakaa tena, akaikunja futi na kuikunjua mpaka jirani yake akamshauri kunywa mchaichai kwa ajili ya mishipa ya fahamu, akaongezwa fundo la tano. Mtafunaji mmoja alilia. Mmezaji mmoja alisema bora kufa kuliko kutafuna, na ukumbi ukamuunga mkono kwa kuwa alisema kwa hisia. Mwishowe shauri liliahirishwa hadi mwezi ujao, na Mzee Thabiti akamwita mgeni.

Sikudhani alisema aliyokuja kusema. Hakupamba. Alisema mdogo wake amepungua inchi tisa kwa miezi saba, hana nguvu za kufika mlangoni bila ukuta, na akaiinua futi yake ili waione.

Mzee Thabiti aliitazama kwa heshima yote.

"Futi hii imewahi kuumwa?" aliuliza.

"Hapana, mzee."

"Imewahi kupona?"

"Hapana."

"Basi itashuhudia nini, mwanangu?"

Hakuwa akimdhihaki. Alimweleza taratibu kwamba nchi yao iliwahi, zamani, kusikiliza vitu visivyo na mdomo, kama mizani na vipimo, na ikawa watu wanagombana kila siku. Tangu waamue kumsikiliza aliyepona tu, wamekaa kwa amani. Kama ana lalamiko, aliongeza, mlango uko wazi, maana Uzimani si nchi ya kuwaziba watu midomo. Iko ofisi kamili ya malalamiko. Akamwonyesha kwa kidole kilima kilichokuwa nyuma ya ukumbi, na nyumba nyeupe juu yake.

Sikudhani alizipanda ngazi za kilima hicho akizihesabu, kwa sababu mkono wa fundi haupiti kitu bila kukihesabu. Zilikuwa tisini na sita, za mawe, hazina pa kushikia. Yeye, mzima, alifika juu akihema. Ndani alimkuta karani mmoja, Pongwa, kijana wa miaka hamsini, maana alianza kazi hiyo akiwa kijana na hakuna kilichotokea tangu hapo cha kumzeesha. Meza ilifutwa vumbi. Juu yake palikuwa na daftari kubwa lenye jalada la ngozi, kalamu, na kidau cha wino.

Pongwa alilifungua kwa fahari. Kurasa zote zilikuwa nyeupe.

"Miaka thelathini," alisema. "Hakuna hata lalamiko moja. Wageni huja kutoka mbali kulitazama."

Sikudhani akamwomba aandike la kwanza. Pongwa akasikitika kweli. Sheria, alisema, inataka lalamiko liletwe na aliyeitumia dawa, si jamaa yake, kwa kuwa penye wengi pana mengi. Aje mwenyewe, akiwa hai, kwa miguu yake. Sikudhani akauliza kama anaweza kubebwa. Haiwezekani, alijibiwa, kwa kuwa aliyebebwa husema maneno ya aliyembeba.

"Na asiyeweza kupanda?"

"Huyo hajamaliza dozi," Pongwa alisema. "Akimaliza, atapanda. Na wakipanda, mama, huwa wamepona, hawana la kulalamikia. Huja tu kutazama mandhari."

Sikudhani alitazama kidau cha wino. Ulikuwa umekauka zamani, umebaki ganda jeusi lililopasuka pasuka chini. Hasira ilimpanda mpaka akahisi meno yanamuuma, lakini hakuna aliyekuwa na kosa la kumkasirikia. Karani alikuwa mstaarabu, mzee alikuwa mstaarabu, Bi Hisani alikuwa mwema kuliko dada mwenyewe. Aliteremka mbio.

Alfajiri iliyofuata alikwenda uani kunawa uso. Nyuma ya bafu, pale ambapo maji machafu yalitokea, aliona mstari mweusi juu ya saruji. Akachuchumaa. Walikuwa sisimizi, mamia kwa mamia, wamejipanga kutoka kwenye ua mpaka ukingoni mwa mfereji, na hawakuwa wakienda kwingine. Kisha alimfuata mdogo wake kitandani, akamwinua kwa kwapa, akamleta uani hatua kwa hatua, akamwonyesha.

Mwanaidi aliwatazama wale sisimizi, akakumbuka. Bibi yao mzaa mama, Mwanahamisi, hakuwa na cheti chochote. Alikuwa na tangawizi yake, na ndimu yake, na maji ya moto, na aliwakuza wajukuu saba kwa vitu hivyo. Lakini mwaka mmoja jirani yao, mzee Kombo, alipoanza kukonda, bibi alikwenda kutazama nyuma ya choo chake, akarudi, akafunga jiko. Alisema sisimizi hawafuati uongo. Mkojo ukiwa na sukari, hilo haliko mkononi mwake tena, apelekwe hospitali leo. Mzee Kombo alikuja kuwazika wenzake wengi.

"Bibi asingenipa asali," Mwanaidi alisema polepole.

"Asingekupa."

"Nimekula vijiko tisa kwa siku, Dada." Akaanza kulia, bila machozi, kwa kuwa hata machozi yalikuwa yamekwisha. "Nikasema ahsante kila mara."

Bi Hisani alipoambiwa wanaondoka hakukasirika. Aliwafungia chupa mbili za asali za njiani. Sikudhani alizipokea, kwa kuwa hakuwa na nafasi ya ugomvi, akaziacha nyuma ya mlango.

Langoni ofisa yuleyule mpole aliwasimamisha. Alifurahi kumwona Sikudhani, akamuuliza hali ya mgongo. Kisha akawaeleza utaratibu wa kutoka. Mtu hatoki Uzimani akiwa mgonjwa, kwa sababu hilo lingeipaka nchi matope mbele ya wanaoingia. Anayetoka husimama juu ya jiwe, awageukie walio kwenye foleni, aseme alikuwa na nini, alitumia nini, na sasa yukoje. Akishasema, lango hufunguliwa. Asiposema, hurudi ndani amalizie.

Foleni siku ile ilikuwa ndefu. Walikuwapo wanawake wenye miguu iliyovimba, wazee wa vikohozi, mama na mtoto mwenye upele. Wote walitazama jiwe kwa macho ya watu wenye njaa.

Mwanaidi alisimama juu ya jiwe, Sikudhani akimshika mgongoni kwa namna isiyoonekana.

"Nilikuwa na kiu," alisema. "Nilitumia asali. Leo naondoka."

Ofisa akamwambia kwa upole kwamba bado neno moja. Mwanaidi akageuka kumtazama dada yake. Hakuwa mtu wa uongo tangu utotoni, na macho yake yalikuwa yakiuliza. Sikudhani aliiona foleni yote. Aliona pia midomo ya mdogo wake ilivyopasuka, na akajua kwamba wakirudi ndani hatatoka tena.

"Sema, mdogo wangu," alimnong'oneza. "Sema twende."

"Nimepona," Mwanaidi alisema.

Watu walipiga makofi. Ofisa aliandika, akapiga kengele, lango likafunguliwa. Kabla makofi hayajaisha Sikudhani alikuwa amembeba mgongoni na kutoka naye, na wale wa foleni walisikika wakisema kwamba ona, sasa amekuwa mwepesi hata dada yake anambeba.

Hospitalini hawakuuliza anatumia nini mpaka baadaye. Walimtoboa kidole kwanza. Daktari alisema ni kisukari, na sukari ilikuwa imepanda mno, na kwamba siku moja zaidi asingeahidi kitu. Alisema asali haina kosa, ni chakula, ila kwa Mwanaidi ilikuwa kumwagia moto mafuta ya taa. Alitiwa dripu, akaanzishiwa sindano, na siku ya nne aliamka akaomba uji. Mgonjwa haulizwi uji, wahenga walisema, lakini huyu aliuomba mwenyewe, na Sikudhani alitoka nje kulia.

Miezi ikapita. Mwanaidi alijidunga asubuhi na jioni, akajifunza kipi ale na kwa kiasi gani, na Sikudhani akawa anaachia mishono ya lile gauni nusu inchi, nusu inchi, mpaka likarudi kuwa gauni la mtu. Walikaa pamoja kibandani, kila mmoja na cherehani yake. Wakishikwa na mafua walikunywa chai ya tangawizi, kwa kuwa tangawizi haikuwakosea kitu, wakalala mapema. Habari za lango hawakuzizungumza. Sikudhani alidhani wamezimaliza.

Ndipo siku moja akaja Mwalimu Tunu kupimwa sare ya harusi ya mpwa wake. Alikuwa mteja wa siku nyingi, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya darasani. Sikudhani akamzungushia futi kiunoni, akasoma, akaizungusha tena. Zilikuwa zimepungua inchi nne tangu Idi.

"Nakonda, eti?" Mwalimu Tunu alisema kwa furaha. Akafungua chupa ya maji, akanywa, akaifunga, akaifungua tena.

Sikudhani alijisikia akiuliza lile swali la Uzimani kwa mdomo wake mwenyewe.

"Unatumia nini, Mwalimu?"

Mwalimu Tunu alitoa chupa ya asali kutoka kwenye mkoba wake kama mtu anayetoa siri. Ilikuwa na karatasi nzuri ya rangi, na juu yake picha ya mwanamke aliyesimama kwenye jiwe. Chini iliandikwa: *Nilikuwa na kiu. Nilitumia asali. Nimepona. Mwanaidi, shahidi.* Yale maneno mawili ya katikati, kwamba leo naondoka, waliyaondoa.

Cherehani ya pili ilinyamaza. Mwanaidi alikuwa ameinua kichwa. Aliinuka, akaja, akaichukua ile chupa, akaisoma yote mpaka chini.

"Ni mimi huyu," alisema.

Mwalimu Tunu alishika kifua kwa furaha. Akamshika mikono yote miwili, akasema ni Mungu tu aliyewakutanisha, akataka kujua alitumia kwa muda gani, na kama alichanganya na maji ya moto au ya baridi. Ilibidi Mwanaidi amwache aseme mpaka amalize. Kisha alikwenda kwenye mkoba wake, akarudi na kikasha chenye sindano zake na kichupa cha dawa yake, akakiweka mezani kando ya ile asali.

"Hiki ndicho ninachotumia. Asubuhi na jioni. Hiyo ilitaka kuniua."

"Lakini umesema mwenyewe."

"Nilisema ili nitoke."

Mwalimu Tunu alitazama kikasha, akatazama chupa, akatazama kikasha. Mwisho alikubali kwenda kupimwa kesho yake asubuhi, na Sikudhani akasema atampitia waende wote wawili, wala hakumpa nafasi ya kubadili mawazo. Lakini alipoondoka aliichukua ile asali, akairudisha mkobani. Alisema ni zawadi aliyopewa na shemeji yake, na si vizuri kuitupa.

Sikudhani alianza kukata kitambaa, akaacha. Alisema kosa ni lake, yeye ndiye aliyemwambia sema. Mwanaidi hakumkatalia wala hakumlaumu. Alikuwa amesimama mlangoni, akiitazama barabara ambayo Mwalimu Tunu alipita, akihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

"Wamechapa ngapi hizo?" aliuliza. "Na kule mbele ya jiwe walikuwa wangapi?"

Sikudhani aliushika mkasi tena. Mwanaidi akamgeukia.

"Yule karani uliyenisimulia alisema aje aliyetumia. Akiwa hai."

"Kwa miguu yake," Sikudhani alisema, kisha akaelewa, na mkasi ukamponyoka. Akamkumbusha kwamba kuingia ni rahisi. Kutoka watamsimamisha tena juu ya lile jiwe, mbele ya foleni, aseme alikuwa na nini na alitumia nini.

"Na mimi nitawaambia," Mwanaidi alisema. "Safari hii nina la kusema. Ngazi ni ngapi, Dada?"

"Tisini na sita. Hazina pa kushikia."

Muda wa sindano ya jioni ulikuwa umefika. Mwanaidi alijidunga, akala, akasubiri kidogo, kisha akatoka akaanza kupanda na kushuka kipandio cha mbele ya duka la jirani, akihesabu kwa sauti, na watu wakimshangaa. Alifika arobaini na moja, akapumzika, akaanza tena. Sikudhani alikunja futi akaitia mkobani. Kisha alivuka barabara kwenda kwa muuza madaftari, akanunua kichupa cha wino, akakitikisa karibu na sikio kuhakikisha kimejaa.